Usimuuze Kuku Aliyenyonyoka: Historia Fupi ya Manyoya, Mayai na Chokaa



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilifika kwa mama mmoja aliyekuwa na matetea 14 wa kienyeji. Ilikuwa kiangazi. Matetea 5 kati yao walikuwa hawatazamiki: shingo tupu, mgongo tupu, mkia umebaki vijiti. Wale 9 waliobaki waling'aa kama wamepakwa mafuta. Mama alitaka kuuza wachache apate fedha ya shule ya mtoto, akaniuliza auze wapi. Nikamjibu haraka haraka, "Mama, hao walionyonyoka wamechoka. Uza hao, baki na hawa wazuri."

Akauza. Mchuuzi akampa bei ya kutupa kwa sababu kuku walionekana wagonjwa. Miezi mitatu baadaye nikapita tena. Wale 9 bado waling'aa, lakini viota vilikuwa vitupu. Mama akaniambia kwa upole kabisa, "Bwana mifugo, wale ulioniambia niuze ndio walikuwa wananipa mayai."

Sikuwa na la kujibu. Baadaye nilipoanza kusoma habari za ufugaji wa zamani, niligundua kwamba kosa lile halikuwa langu peke yangu. Wafugaji wa Marekani walilifanya miaka mingi, na ilibidi watu wakae na daftari, wahesabu yai kwa yai, ndipo likafahamika. Nakuletea habari hiyo leo pamoja na habari ya ndugu yake: namna watu wa zamani walivyotunza mayai ya wakati wa wingi ili wayale au wayauze wakati wa uhaba. Mambo haya mawili hayatengani. Kuku anaponyonyoka huacha kutaga, na akiacha kutaga ndipo unapokumbuka mayai uliyoyaacha yakaharibika mwezi uliopita.

Kwa nini kuku hunyonyoka

Kuku wetu wote, wa kienyeji na wa kisasa, asili yao ni kuku wa porini wa misitu ya kusini mashariki mwa Asia. Ndege yule hutaga mayai machache, huatamia, hulea vifaranga, kisha hubadilisha manyoya. Manyoya ni nguo yake ya baridi na mvua, na ndiyo yanayomwezesha kuruka juu ya mti chui asimpate. Nguo ikichakaa hana budi kushona nyingine.

Kushona nguo hiyo kuna gharama. Sehemu kubwa sana ya unyoya, karibu yote, ni protini. Yai nalo linahitaji protini. Mwili wa kuku hauwezi kulipa madeni mawili kwa wakati mmoja, basi hufunga duka la mayai kwanza mpaka manyoya yakamilike. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki 8 hadi 12. Manyoya huanza kutoka kichwani na shingoni, yakafuata ya kifua na mgongo, kisha ya mabawa na mkia.

Kwa hiyo kuku anayenyonyoka si mgonjwa, wala hajazeeka. Yuko kazini. Tatizo ni kwamba kazi yake hiyo huioni kwenye trei.

Kosa la wafugaji wa New York

Katika nchi za baridi kama Marekani na Uingereza, kuku wote hunyonyoka karibu kwa pamoja, siku zinapoanza kuwa fupi baada ya kiangazi chao. Kisha huja majira ya baridi, mayai huadimika na bei hupanda. Mfugaji wa zamani alipiga hesabu yake hivi: kuku atakayenyonyoka mapema atamaliza mapema, na atakuwa anataga wakati bei iko juu. Anayechelewa atakutwa na baridi akiwa uchi, naye hataleta kitu. Kwa hesabu hiyo, waliowahi kunyonyoka walitunzwa, na waliochelewa wakachinjwa au kuuzwa.

Hesabu hiyo inasikika vizuri. Hata mimi ningeikubali. Ila hakuna aliyekuwa amehesabu mayai ya kila kuku, kwa sababu kuku 50 wakitaga katika viota vile vile, utajuaje yai hili ni la nani?

Jibu lilikuwa kiota cha mtego. Ni kiota chenye mlango unaojifunga kuku akishaingia. Anabaki ndani mpaka mtu aje, asome namba iliyofungwa mguuni, aandike katika daftari, ndipo amwachie. Ni kazi ya kuchosha, mara kadhaa kwa siku, kila siku ya mwaka. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1800 vituo vya utafiti vya Marekani vilianza kuifanya, na kwa mara ya kwanza kila kuku akawa na hesabu yake.

Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, kilitoa kijitabu juu ya kunyonyoka kwa kuku. Kiliandikwa na James E. Rice pamoja na wenzake Clara Nixon na Clarence Rogers. Daftari lao lilipindua hesabu ya wazee. Kuku walionyonyoka mapema walikuwa watagaji hafifu. Waliacha kutaga mapema kwa sababu mayai yenyewe hayakuwa mengi, kisha wakapumzika muda mrefu. Kuku waliochelewa kunyonyoka ndio waliotaga mayai mengi zaidi kwa mwaka, kwani walikuwa bado wanataga wakati wenzao wameshavaa nguo mpya.

Fikiria maana yake, ndugu yangu. Mkulima aliyekuwa akichinja waliochelewa alikuwa akichinja watagaji wake bora kila mwaka, na kubakiza mbegu ya wavivu. Alifanya hivyo miaka na miaka, na alidhani anachagua vizuri.

Miaka michache baadaye, mwaka 1913, mfugaji wa California aitwaye Walter Hogan alitoa kitabu kilichowafundisha wakulima kumpima kuku kwa mkono: unapapasa mifupa miwili ya nyonga iliyo karibu na njia ya yai. Kuku anayetaga, mifupa hiyo huachana na kuwa myembamba, vidole viwili au vitatu hupita katikati. Aliyeacha kutaga, mifupa hukaribiana na kukaza. Maafisa ugani wa Marekani waliichukua njia hiyo wakazunguka nayo vijijini, na hadi leo sisi huitumia. Haihitaji kifaa chochote isipokuwa vidole vyako.

Kusoma bawa

Ziko dalili nyingine ambazo watu wale walizifundisha, nazo zinakufaa wewe pia. Fungua bawa la kuku wako. Utaona manyoya makubwa ya ncha, kwa kawaida 10, halafu unyoya mmoja mfupi wa katikati, kisha manyoya ya upande wa mwili. Manyoya yale 10 huanguka kwa zamu, kuanzia lile lililo jirani na unyoya mfupi kwenda nje. Kila moja huchukua kama wiki 6 kukua kikamilifu.

Kuku mvivu huangusha moja, akasubiri kama wiki mbili, akaangusha la pili, na kuendelea hivyo. Piga hesabu: akimaliza yote 10 kwa mtindo huo, wiki 24 zimepita, karibu nusu mwaka. Kuku mzuri huangusha mawili, matatu, hata manne kwa mkupuo mmoja, yakaota pamoja. Huyo ndiye anayetisha kumtazama. Ananyonyoka mpaka majirani wanakuuliza kama ana ugonjwa. Lakini ndiye atakayerudi kutaga mapema.

Yule mvivu hubaki nadhifu wakati wote. Unyoya mmoja mmoja ukianguka hakuna anayeona. Anang'aa, na hatagi. Hao ndio walikuwa wale 9 wa yule mama.

Jua la kwetu si jua lao

Hapa inabidi tutulie kidogo, maana si kila la New York linahamia kwetu lilivyo. Kule kuku huongozwa na urefu wa siku. London, siku ndefu kabisa ina karibu saa 16 na nusu za mwanga, na siku fupi kabisa haifiki saa 8. Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ndefu na fupi haifiki hata saa moja. Kuku wetu hapati ishara kali ya jua.

Kwa hiyo kwetu hakuna mwezi mmoja wa kunyonyoka kwa kuku wote. Kuku wa kienyeji hunyonyoka zaidi baada ya kutaga kwa muda mrefu au baada ya kuatamia na kulea. Wengine hunyonyoka wakipatwa na msukosuko: njaa ya kiangazi, kukosa maji siku nzima, kuhamishwa banda, au safari ndefu juu ya basi. Ndiyo maana kiangazi utawaona wengi zaidi, kwani wadudu na majani yamepungua.

Somo ni nini basi? Usiseme tu "aliyechelewa ni bora" bila kujua umri na historia yake. Linganisha kuku wa rika moja. Aliyetoka kulea vifaranga usimlinganishe na ambaye hajaatamia. Na yule aliyenyonyoka kwa sababu ulisahau kumpa maji, kosa ni lako. Kitu cha uhakika kilichotoka Cornell, kinachofaa popote, ni daftari. Funga kitambaa cha rangi mguuni mwa kila tetea, andika ameanza kutaga lini, ameacha lini, amenyonyoka lini na amerudi lini. Daftari la shule la kurasa chache linatosha kuku 15 kwa mwaka mzima.

Njia ya njaa na mwisho wake

Watu walipojua kwamba njaa huwafanya kuku wanyonyoke, wengine waliona njia ya mkato: wanyime chakula siku kadhaa, wanyonyoke wote kwa pamoja, warudi kutaga kwa pamoja. Ushauri huo ulikuwa umeshasambaa Marekani, na Rice na wenzake waliujaribu. Waliona kuku walioshindishwa njaa hawakuleta faida iliyoahidiwa, na mayai yao yaligharimu zaidi.

Pamoja na hayo, katika nusu ya pili ya karne iliyopita mashamba makubwa ya Marekani yaliirudia njia hiyo kwa kuku wa mayai wa kisasa, maana kwao ilikuwa rahisi kuliko kununua vifaranga wapya. Watu walilalamika sana juu ya mateso ya kuku, na utafiti ulionyesha kwamba ndege mwenye njaa hushambuliwa kwa urahisi zaidi na bakteria wa salmonela. Chama cha wazalishaji, United Egg Producers, kikaondoa kunyima chakula katika utaratibu wake kuanzia 2006, wakahamia chakula hafifu badala ya njaa.

Kwako wewe mwenye kuku 10 au 20, jibu ni fupi: usifanye. Kuku wa kienyeji anayetembea juani akinyimwa chakula hafanyi mapumziko. Anakufa, au mdondo unamkuta hana nguvu.

Mayai ya wingi: chumvi na chokaa

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Kabla ya friji, kila taifa lililofuga lilikuwa na shida ile ile: miezi ya mayai tele kwa bei ya bure, kisha miezi ya ukame.

Wachina walituachia maandishi mazuri. Katika karne ya 6, Jia Sixie aliandika kitabu kikubwa cha kilimo kiitwacho Qimin Yaoshu, na ndani yake ameeleza namna ya kuhifadhi mayai ya bata katika maji ya chumvi yaliyochanganywa na maji ya magome ya mti. Hadi leo mayai ya chumvi huliwa kila siku China, Ufilipino na Thailand, nchi ambazo baadhi yake zina joto kama letu au kulizidi.

Ulaya walitumia pumba, majivu, chumvi na mafuta ya wanyama. Katika miaka ya 1700 Mfaransa Réaumur, mwanasayansi aliyejishughulisha sana na kutotolesha mayai bila kuku, alijaribu kuyapaka mayai vanishi na mafuta akaona yanadumu zaidi. Aliligundua jambo ambalo mfugaji unapaswa kulishika: ganda la yai linapumua. Lina maelfu ya vitundu vidogo visivyoonekana. Kupitia humo maji hutoka, hewa ya ukaa hutoka, na vijidudu vinaweza kuingia. Ute huwa mwepesi kama maji, nafasi ya hewa ndani hukua, kiini hulegea. Ukiziba vitundu, unachelewesha yote hayo.

Mungu naye amelipaka yai utando mwembamba linapotagwa. Ndiyo maana ukiliosha kwa maji unaondoa kinga yake. Yai lililooshwa na kuachwa mezani huharibika mapema kuliko lenye vumbi kidogo.

Njia iliyotawala biashara ya Ulaya na Marekani miaka ya 1800 ilikuwa chokaa. Waliizima chokaa kwa maji, wakaiacha itulie, wakalaza mayai ndani ya mapipa ya maji yale. Chokaa hukutana na hewa ya ukaa inayotoka ndani ya yai, ikageuka kuwa kitu kigumu kama ganda lenyewe, ikaziba vitundu. Wafanyabiashara walinunua mayai wakati wa wingi, wakayatia chokaa, wakayauza baridi ikianza. Yaliuzwa kwa bei ya chini kuliko mayai mapya, na mnunuzi alijua anachonunua. Aliyeyachanganya na mapya alipoteza wateja, maana ganda la yai la chokaa huwa na ukavu fulani mkononi, na likichemshwa hupasuka kwa kuwa hewa haina pa kutokea. Akina mama wa wakati huo walilitoboa kwa sindano kabla ya kulichemsha.

Mwishoni mwa karne hiyo likaja jipya: silikati ya sodiamu, ambayo wao huiita maji ya kioo. Kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo 9 vya maji yaliyochemshwa na kupozwa, mayai yakalazwa ndani kwenye mtungi. Waingereza wengi waliishi na ndoo hiyo stoo katika vita vyote viwili vya dunia.

Katika vita vya pili mgao wa Uingereza ulikuwa yai moja kwa mtu kwa wiki, tena likipatikana. Kuanzia 1942 serikali ikagawa unga wa mayai kutoka Marekani, pakiti moja ikihesabiwa sawa na mayai 12. Aliyefuga kuku nyuma ya nyumba aliweza kuacha mgao wake wa mayai, naye akapewa chakula cha kuku badala yake. Mgao wa mayai haukuisha mpaka 1953. Watu wa miji mikubwa, waliokuwa hawajawahi kushika kuku, walijifunza ufugaji kwa sababu ya yai moja.

Jogoo na yai viza

Liko jambo moja jingine, nalo ndilo linalokuumiza zaidi wewe mfanyabiashara wa nchi ya joto. Mayai mengi yaliyokuwa yakioza njiani kwenda mijini Marekani wakati wa kiangazi hayakuoza kwa uchafu. Yalikuwa na mbegu ya jogoo. Yai lenye mbegu likikaa mahali pa joto, kifaranga huanza kujengeka hata bila kuatamiwa. Kisha linapoa usiku, kifaranga kinakufa, na yai linakuwa viza.

Wizara ya kilimo ya Marekani na majimbo yakaanza kampeni: msimu wa kutotolesha ukiisha, muuze jogoo au mtenge. Baadhi ya majimbo yalitenga siku maalumu ya majogoo, wanunuzi wakawanunua kwa wingi. Wakulima walishangaa kuambiwa kuku hutaga bila jogoo. Nakutana na mshangao huo huo hapa kwetu kila mwezi. Ndiyo, ndugu yangu, tetea hutaga bila jogoo, na yai lake hudumu zaidi.

Tuseme umebeba trei 10, mayai 300. Yai 1 katika kila 10 likiwa viza, mayai 30 yamekwenda. Hiyo ni trei nzima, na pengine ndiyo iliyokuwa faida yako ya safari.

Na tukiwa kwenye trei: mwaka 1911 huko British Columbia, Kanada, mhariri wa gazeti aitwaye Joseph Coyle alisikia mkulima na mwenye hoteli wakigombana kila mara kwa sababu ya mayai yanayofika yamevunjika. Akakunja karatasi akatengeneza kifungashio ambacho kila yai hukaa chumba chake. Ugomvi wa watu wawili ukaleta kitu ambacho leo kipo kila soko.

Ufanye nini wewe

Kwanza, kuku akianza kunyonyoka, hakikisha si ugonjwa. Anayebadilisha manyoya ana vijiti vipya vinavyochomoza kwenye ngozi, anakula na anatembea. Ukiona utitiri au chawa, ngozi yenye majeraha ya kudonolewa, au mgongo ulioharibiwa na jogoo, tatizo ni jingine. Ukiona kuhara kijani, shingo kupinda na vifo, huo ni mdondo, wahi kwa mtaalamu. Chanjo ya mdondo ya I-2 iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, inastahimili joto kuliko za zamani, na hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi 3 hadi 4. Chanja kabla msimu wa ugonjwa haujafika, usisubiri kuku wawe dhaifu.

Pili, mlishe protini. Dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti, kumbikumbi, funza, majani ya lusina kwa kiasi. Pumba tupu haioti manyoya. Mahindi yenye ukungu usiwape kamwe. Maji safi yawepo siku nzima. Usimshikeshike, kwani vijiti vya manyoya mapya vina damu na vinauma.

Tatu, mayai. Kusanya mara mbili au tatu kwa siku. Usioshe. Yaliyochafuka kidogo futa kwa kitambaa kikavu, yaliyochafuka sana kula mapema nyumbani. Yaweke mahali pa baridi penye kivuli, ncha kali ikitazama chini. Palipo pakavu, kama Dodoma na Singida, mtungi uliowekwa ndani ya mtungi mkubwa wenye mchanga uliolowa hupoza vizuri. Pwani penye unyevu haufanyi kazi sana na mayai huota ukungu.

Ukitaka yakae zaidi, yapake mafuta ya kupikia kidogo sana siku ile ile yalipotagwa, mikono ikiwa safi. Hiyo ndiyo kazi ile ile ya vanishi ya Réaumur, na huongeza muda wa yai kwa kiasi kikubwa. Lakini shika hili: yai la kutotolesha usilipake chochote. Kifaranga kinahitaji hewa.

Nne, mayai ya chumvi. Chemsha lita 4 za maji na kilo 1 ya chumvi, acha yapoe kabisa, laza mayai mapya yasiyo na ufa kwenye chombo cha kioo au plastiki, yazame yote, funika. Baada ya wiki 3 toa, chemsha mpaka yaive kabisa, kula na wali au ugali. Ukiyachemsha na kuyauza kijiweni, mwambie mteja ni ya chumvi.

Na chokaa je? Watu wa pwani wanaijua chokaa ya tambuu, na kanuni yake ni ile ile. Lakini mapipa ya Ulaya yalikaa kwenye vyumba vya chini ya ardhi vyenye ubaridi. Nyumba zetu za bati zina joto, na leo tunajua salmonela anaweza kuwa ndani ya yai kabla halijahifadhiwa. Chukua chokaa kama historia ya kukufundisha, usiifanye biashara. Na kila yai lililokaa, liive mpaka kiini kigande.

Kabla ya kuuza au kununua, pima. Yai likizama na kulala chini, ni jipya. Likisimama wima, limekaa, lipikwe leo. Likielea, tupa. Usiku tumia tochi ya simu: ukiona mishipa ya damu au giza, limekwisha.

Yule mama nilirudi kwake na daftari, nikamwomba radhi. Tulifungua mabawa ya kuku wale 9 pamoja, tukaona unyoya mmoja mpya hapa, mmoja pale. Aliuza 6, akabaki na 3, akaanza upya kwa vifaranga wa tetea wa jirani aliyekuwa akitaga vizuri. Sasa mimi nikifika kwake hanisubiri niseme. Anamkamata kuku mwenyewe, anafungua bawa, ananisomea.

Kabla ya mnada ujao, fungua bawa kwanza.